Gari ya dizeli yenye tabo usiizime ghafla ukitoka mlimani

Wenye Hilux, Prado, Fuso na dizeli zingine zenye tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hii ni muhimu sana jamani. Tabo inazunguka hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na shafti yake inategemea oili inayosukumwa na injini, sasa wewe umepanda Kitonga na mzigo, umefika Ilula unapaki unazima hapohapo kwenda kula, pampu ya oili imesimama wakati tabo bado ni ya moto balaa, ile oili iliyobaki ndani inaungua inaganda kama masizi ya sufuria, mwisho wake beringi zinaliwa na gari inaanza kutoa moshi wa bluu. Ukishapaki iache ingurume yenyewe dakika 2 au 3 ndo uzime. Kama kilomita za mwisho umeendesha taratibu, au ni mizunguko ya mjini tu, wala huna haja ya kusubiri hivyo, tabo imeshapoa njiani.

Asubuhi nayo, ukiwasha usipige resi kabisa! Oili ya baridi ni nzito, ipe kama nusu dakika hivi ifike juu, kwenye baridi ya Makete au Njombe ongeza kidogo, halafu ondoka polepole bila kukanyaga sana mafuta mpaka mshale wa hiti upande. Kuiacha inanguruma robo saa nzima haisaidii, dizeli inapata moto vizuri ikiwa inatembea.