Bosi Akiandika "Tuonane": Namna Ninavyopunguza Msongo Kazini

Nilijua mambo yameharibika siku mama aliponipigia simu kutoka Mpwapwa, saa tatu usiku, nami nikapokea: "Ofisi ya Mkurugenzi, habari za kazi?" Mama akanyamaza kidogo. Halafu akauliza taratibu, "Wee mwanangu, umekula?"

Ilikuwa Juni. Bunge la bajeti linaelekea ukingoni, tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa, kila idara inataka barua yake itoke leo. Mimi ni katibu mahsusi katika taasisi moja ya umma hapa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma, na nilikuwa sijalala usingizi wa maana kwa wiki tatu. Ninayoandika hapa nimeyajaribu mezani kwangu. Mengine yalinishinda, nayo nitayasema.

Anza kwa kujua kinachokusonga ni kipi hasa. Wengi tunajibu haraka kwamba ni wingi wa kazi. Mimi siamini. Nimewahi kuchapa kurasa themanini kwa siku moja, nikarudi nyumbani nimechoka mgongo, nikalala fofofo. Kilichokuwa kinaniamsha saa nane usiku ni vitu vidogo ambavyo havijulikani vinaishia wapi. Faili linarudi kutoka kwa bosi, pembeni ya dokezo kaandika neno moja: "Tuonane." Aliyefanya kazi ofisi za umma anaujua uzito wa neno hilo. Tuonane kuhusu nini? Nimekosea wapi? Unapanda nalo daladala, unashuka nalo Nzuguni, unakoroga nalo ugali. Kesho mnaonana kweli, naye anasema, "Ah, nilitaka kujua kama ile barua ilishakwenda." Usiku mzima umekwenda bure.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ni daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili, nimeichora mistari kupata safu nne: kazi, aliyeitoa, inatakiwa lini, na hatua inayofuata. Safu hiyo ya nne ndiyo yenye kazi, na watu wengi wanaoniiga huiharibu hapo. Usiandike "kikao cha wadau." Hicho ni kichwa cha habari, na kichwa cha habari hakitekelezeki, kitakutazama tu. Andika jambo ambalo mkono wako unaweza kulifanya ndani ya dakika kumi: "mpigie mhudumu wa ukumbi, uliza kama projekta inafanya kazi." Likishafanyika, likate, andika linalofuata. Kichwa kikijua kwamba jambo limeandikwa mahali na litaonekana kesho, kinapunguza kulikumbusha usiku.

Na "Tuonane" sasa siilazi. Ndani ya saa hiyohiyo nasimama mlangoni: "Bosi, umeandika tuonane kwenye jalada la magari. Nije na nini?" Mara nyingi inaishia hapohapo mlangoni.

Kazi inatoka saa 9:30 alasiri, lakini saa 9:15 mimi sipokei faili jipya isipokuwa kuna moto. Dakika zile kumi na tano ni za kupitia daftari na kuweka alama ya nyota kwenye kazi moja, moja tu, itakayoanza kesho asubuhi. Asubuhi nikifika sifungui barua pepe kwanza. Naanza na nyota.

Sasa suala la haraka. Ofisini kwetu kila kitu ni cha haraka, hasa Bunge likiwa linakaa, maana swali la mbunge likiingia jioni majibu yanatakiwa kabla ya asubuhi. Huwezi kulipinga hilo. Unachoweza ni kumrudishia bosi uamuzi ambao ni wake. Zamani nilikuwa naitikia "sawa" kwa kila kitu, kisha najifungia na kuhangaika mwenyewe niamue nani asubiri. Huo ni mzigo wa mtu mwingine. Siku hizi nachukua daftari, naingia:

"Samahani bosi. Nina majibu ya Bunge, barua ya wakaguzi na dokezo la safari. Ipi itangulie?"

"Zote."

"Zote zitatoka, bosi. Ila ya kwanza kuondoka mezani kwangu iwe ipi?"

Akacheka kidogo, akasema majibu ya Bunge. Dokezo la safari, kumbe, lilikuwa la wiki ijayo. Angalia namna ya kusema: sikukataa, sikulalamika, wala sikusema nimeelemewa. Ukisema umeelemewa, wengine watasikia uvivu. Ukimwonyesha orodha, anaiona kwa macho yake.

Kuhusu saa za kazi, soma sheria, walau mara moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, na usizidi saa 50 katika wiki nne. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya dakika 60. Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye vifungu hivyo vya saa, na pengine ndiyo maana bosi anashangaa kwa nini unatazama saa ya ukutani. Sikuambii uende nayo ofisini ukiipeperusha. Kuijua tu kulinitoa ile hatia ya kuondoka jua likiwa bado juu.

Simu ni ngumu zaidi. Nilijaribu kuizima saa kumi na mbili jioni na ikanishinda siku ya pili, kwa sababu kuna dharura za kweli. Tukaelewana na bosi hivi: kikiwa cha dharura apige, kisipokuwa cha dharura aandike WhatsApp nami nitasoma asubuhi. Milio ya WhatsApp nikaizima, ya kupigiwa nikaiacha. Nilidhani atapiga kila usiku. Mwezi wa kwanza alipiga mara mbili. Inaelekea kuandika ujumbe usiku ilikuwa njia yake ya kujitua mzigo, kama mimi na daftari langu, ila alikuwa anautua kwangu.

Chakula cha mchana usikile mbele ya kompyuta. Najua unajua. Mimi nilianza kula nje pale upepo wa Mtumba ulipokuwa unanijaza vumbi kwenye wali, nikahamia kwa mama ntilie mwenye banda lililozibwa turubai upande mmoja. Natembea dakika saba kwenda, saba kurudi. Hizo kumi na nne zinanisaidia kuliko wali wenyewe. Kunywa maji pia, hewa ya huku ni kavu na kichwa kinachouma saa nane mchana mara nyingine ni kiu tu. Kahawa nilijaribu kuiongeza wakati wa Juni ile, nikaishia na mikono inayotetemeka juu ya kibodi.

Ukisemeshwa vibaya mbele ya watu, usijibu papo hapo na usikimbilie chooni kulia ukiwa umebana pumzi. Nenda kwenye mashine ya kurudufu, weka karatasi yoyote, vuta hewa kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi nane. Kutoa pumzi kwa kirefu kunapunguza mapigo ya moyo. Mara tano zinatosha. Mashine inanguruma, hakuna anayekusikia. Nina nakala nyingi za fomu ya likizo zilizotokana na bosi mmoja wa zamani.

Likizo nayo, chukua yote. Siku 28 kwa mwaka. Mwaka mmoja nilizikata vipande vya siku mbilimbili, nikawa nakaa nyumbani na kompyuta ya ofisi imewashwa "endapo watanihitaji." Bila shaka walinihitaji. Sasa nakwenda Mpwapwa wiki mbili mfululizo, na kabla ya kuondoka nakabidhi daftari kwa anayenikaimu. Kukabidhi huko kunachukua nusu siku, usikuruke.

Kuna msongo ambao daftari haliugusi. Dereva wetu, mzee mtaratibu kabisa, alianza kunyamaza, akawa halali, akaacha kula, kisha siku moja akaniambia, "Dada, afadhali nisingeamka." Usimjibu mtu wa namna hiyo kwamba apige moyo konde. Nilimwomba ruhusa bosi, tukaenda wote Mirembe. Hapa Dodoma ukilitaja jina hilo watu wanacheka, kana kwamba anayeingia pale hatoki. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaonana na daktari na kurudi nyumbani jioni. Yeye alirudi jioni. Ukiona usingizi umepotea zaidi ya wiki mbili, au pombe imekuwa ndiyo kitanda, au mawazo ya kufa yanapita, usisubiri Juni iishe. Mawazo ya kufa, nenda siku hiyohiyo. Hospitali iliyo karibu nawe ni mwanzo mzuri.

Kuhusu umbea wa ofisini sina la kufundisha, bado naupenda.

Bosi yule amehamishwa mwezi uliopita. Nimenunua kaunta buku mpya, nimeichora safu nne, na kwenye mstari wa kwanza nimeandika: "Mkurugenzi mpya, anaripoti Jumatatu, uliza utaratibu wa simu za usiku." Nasikia huyu haandiki "Tuonane." Anapiga kengele tu.