Ubongo, motisha na hisia: zisome zote tatu kwa tukio moja

Wanaoanza kusoma saikolojia, iwe katika ushauri nasaha, ualimu au uuguzi, hupewa mada hizi kama sura tatu tofauti. Huzikariri moja moja, na mtihani ukiuliza zinahusianaje, kalamu hukwama. Njia bora ni kushika tukio moja dogo na kulifuata kuanzia jichoni hadi miguuni. Tuseme ni saa saba mchana, una njaa, unavuka Digo Road mjini Mombasa kwenda upande wa soko la Markiti kutafuta viazi karai. Tuktuk inachomoka pembeni bila honi. Unaruka nyuma, moyo unakudunda, halafu unamporomoshea dereva matusi.

Tafuta daftari, saa ya sekunde (ya simu yatosha) na mwenzako mmoja.

Kwanza, mapigo ya moyo

Mwenzako akae kitako dakika 5 bila mazungumzo. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa dole gumba. Dole gumba lako usilitumie kupimia: lina mpigo wake, na unaweza kujihesabu wewe mwenyewe. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika.

Kisha apande na kushuka ngazi mbio kwa dakika moja, umpime tena. Mwache apumzike hadi arudi alipoanzia. Mara ya tatu akae, lakini mbele ya watu watatu au wanne, atoe 7 kutoka 1,000 kwa sauti: 993, 986, 979, na kila akikosea aanze upya. Mpime akiwa katikati ya hesabu. Kwa kawaida mapigo yatapanda ingawa hajanyanyuka kitini.

Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni kahawa. Aliyetoka kunywa vikombe viwili vya kahawa chungu hafai kupimwa, kwa sababu kafeini huvuruga kipimo cha mwanzo. Andika tarakimu tatu ulizopata na uzitunze, zina kazi mbele.

Chora njia, usichore ubongo

Mchoro wa ubongo wenye rangi nane hupendeza ukutani, lakini hauonyeshi nini kinafuata nini. Chora mishale. Mwanga wa tuktuk unaingia jichoni, unapita thalamasi (kituo cha kupokezea habari katikati ya ubongo), unafika gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, la kisogoni ambako picha huchakatwa. Habari hiyo hufika pia kwenye amigdala, vifundo viwili vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande, ndani ya ubongo kwenye usawa wa masikio. Amigdala huiamsha haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya thalamasi inayosimamia homoni na njaa, na hapo njia hugawanyika.

Mkondo wa kwanza ni wa neva: neva za simpathetiki, zinazouandaa mwili kwa dharura, huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage adrenalini. Hii ni kazi ya sekunde. Mkondo wa pili ni wa homoni: kutoka haipothalamasi hadi tezi ya pituitari iliyo chini yake, kisha adrenali tena, safari hii kutoa kortisoli, homoni ya mfadhaiko. Kortisoli huchukua dakika, na kilele chake huja takriban dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko. Ndiyo maana tuktuk imeshafika Makupa na wewe bado unafoka.

Uamuzi wa kutukana au kunyamaza huhusisha sana gamba la mbele, nyuma ya paji la uso. Hapa vitabu humleta Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1848 nondo ilimpenya shavuni na kutokea juu ya kichwa. Alipona, ila waliomjua wakasema tabia yake imebadilika. Mtaje, lakini usiandike kwamba aliharibikiwa maisha yote: baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, na hiyo si kazi ya mtu asiyeweza kujidhibiti.

Makosa mawili hupoteza alama kila mwaka. Moja ni kuandika kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, nao hula karibu asilimia 20 ya nishati yake ukiwa umepumzika. Mwili usingeligharamia dude lisilofanya kazi. La pili ni kuiita amigdala "kituo cha hofu" na kuishia hapo. Kuna mgonjwa anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili zimeharibika. Nyoka na buibui hawakumtisha, lakini alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi alishikwa na taharuki kubwa. Hofu, basi, ina zaidi ya mlango mmoja.

Nini kilitangulia: kuogopa au kuruka?

Hapa ndipo penye utamu wa mada, na ndipo wengi hupapita mbio. Andika maneno manne kwenye vipande vinne vya karatasi: TUKTUK, MWILI, FIKRA, HOFU. Zipange upya kwa kila nadharia.

Kwa William James (1884), na Carl Lange baada yake, mpangilio ni tuktuk, mwili, hofu. Huruki kwa sababu umeogopa. Unaogopa kwa kuwa umeuhisi mwili ukiruka na moyo ukidunda. Walter Cannon (1927) alipinga: viungo vya ndani hujibu polepole kuliko hisia zinavyokuja, tena mabadiliko yale yale huonekana katika hofu, ghadhabu na hata homa. Kwake yeye, mwili na hofu huanzishwa sambamba, kwa hiyo karatasi hizo mbili ziweke ubavu kwa ubavu. Stanley Schachter na Jerome Singer (1962) wakaweka FIKRA katikati: mwili husisimka, akili hutafuta sababu, kisha hisia hupata jina.

Sasa zirudie zile tarakimu. Ngazi zilipandisha mapigo, na aibu ya kukosea hesabu ikayapandisha pia. Kama namba ya pili na ya tatu zimekaribiana, mapigo peke yake hayakuambii mwenzako anahisi nini, na hiyo ni hoja ya Cannon mkononi mwako. Kuhusu Schachter na Singer, kumbuka kuwa matokeo yao yenyewe hayakuwa na nguvu sana, na waliojaribu kuyarudia mwaka 1979 hawakuyapata. Jibu linalotaja udhaifu huo ni bora kuliko linaloimba nadharia tu.

Kwa nini ulivuka barabara?

Swali hili ni la motisha. Jibu la haraka ni njaa, yaani mwili kulinda mizani yake. Tumbo hutoa homoni ya ghrelini, haipothalamasi huisoma, nawe unatafuta chakula. Lakini ghrelini hufuata pia mazoea: hupanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha hushuka hata kama hukula. Ukifunga Ramadhani, andika kila saa kiwango cha njaa, 0 hadi 10, katika siku za mwanzo za mfungo. Tazama kama njaa inapanda moja kwa moja hadi magharibi au ina mawimbi. (Mwenye kisukari au mjamzito asifunge kwa ajili ya zoezi, hilo ni la daktari wake.)

Mfungo huo huo unaipima ngazi ya mahitaji ya Abraham Maslow (1943), inayoanzia chakula na usalama chini na kuishia kutimiza uwezo wako juu. Wanafunzi huandika kwamba mtu hapandi juu mpaka tumbo lishibe. Waislamu wa mji mzima hushinda njaa mchana kwa ajili ya ibada, na Maslow mwenyewe alikiri kwamba mpangilio wake si wa chuma. Hata piramidi maarufu hakuichora yeye.

Njaa haitoshi kueleza kwa nini viazi karai na si mkate ulio nyumbani. Harufu, ukwaju na kumbukumbu ya juzi huvuta kutoka nje. Dopamini, kemikali ya ubongo, inahusika hapa, lakini si "homoni ya raha" kama inavyosemwa mitandaoni; utafiti huifungamanisha zaidi na kutamani kitu kuliko kukifurahia.

Kwa anayefundisha tuisheni au madrasa, jambo moja lina faida ya papo hapo. Mwaka 1973, watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti mapema walipunguza kuchora baadaye walipoachwa huru. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo usimwahidi biskuti mtoto anayependa kusoma tayari. Msifu baada ya kazi, na utaje alichofanya: "umeisoma aya hii bila kukwama." Biskuti iwe ya kazi asiyoipenda, kama kuosha sufuria.

Kuizima hasira ya tuktuk

Vuta pumzi polepole, kama mara 6 kwa dakika: sekunde 4 kuvuta, sekunde 6 kutoa, kwa dakika 3. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa na za haraka. Kichwa huzunguka na wasiwasi huongezeka. Kisha taja unachohisi kwa neno mahususi, maana "nimeudhika" ni pana mno: ni hamaki, aibu, uchungu au woga? Halafu tafuta maelezo mengine ya tukio. Labda dereva hakukuona kwa sababu ya matatu iliyosimama.

Kujikausha uso huku unaungua ndani hakusaidii: hisia hubaki, na mwili huendelea kusisimka. Kupiga mto ili "kutoa hasira" nako mara nyingi huichochea. Na kama kuna uamuzi mzito, mfano kumpigia simu mwenye tuktuk, subiri dakika 30, ule mkondo wa kortisoli uanze kuteremka.