Somo: Kusoma vitabu kwenye simu bila kuumiza macho

Habari za jioni ndugu zangu. Wiki hii wengi mmelalamika macho yanawasha na kichwa kinagonga juu ya nyusi. Mimi nasoma kwenye simu kila siku, Gongo la Mboto hadi Posta na kurudi, na yalinikuta hayo hayo. Nikakimbilia Kariakoo kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Haikunisaidia kitu. Baadaye nikakuta mapitio ya tafiti ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya: hayakuona miwani hiyo ikipunguza uchovu wa macho. Hela yako itunze, anza na haya.

Kwanza, pepesa macho. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo hushuka hadi 5 au 7. Machozi yanakauka, ndiyo maana unahisi mchanga. Dawa yake: ukimaliza ukurasa, kabla kidole hakijagusa kioo, funga macho mpaka kope zikutane kabisa, ndipo ufungue. Na feni, najua joto letu, lakini igeuze ipulize miguu, siyo uso.

Pili, herufi. Hapa ndipo wengi tunajiumiza. PDF ya kitabu kilichopigwa skani ilipangwa kwa karatasi kubwa. Kwenye simu maneno yanakuwa sisimizi, nawe unasogeza simu hadi puani. Tafuta faili la EPUB, maneno yanajipanga upya kila ukikuza. Shika simu sentimita 40 kutoka usoni. Ukilazimika kukunja macho, kuza tena. Ukikosa EPUB, ilaze simu kwa upana.

Tatu, mwangaza. Weka karatasi nyeupe kando ya simu. Kioo kikiwaka kuliko karatasi, punguza, kikififia, ongeza. Umeme ukikatika, washa taa ya chaji kwanza.

Nne, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Bati la jirani linatosha. Msuli wa ndani ya jicho, unaojikaza ili lenzi ione karibu, unapata kulegea.

MASWALI

Swali: Kaka, nikisoma kwenye daladala napata kichefuchefu. Ni macho?
Jibu: Hapana dada. Macho yanaona maandishi yametulia, sikio la ndani linahisi mwendo, ubongo unachanganyikiwa. Soma kwenye foleni ya Tazara gari likisimama. Likitembea, sikiliza kitabu cha sauti.

Swali: Maandishi meupe kwenye kioo cheusi je?
Jibu: Usiku yanapoza. Ila wapo ambao herufi nyeupe huwatawanyikia, hasa wenye astigimatizimu, yaani jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa. Jaribu zote mbili, ubaki na inayokutulia.

Swali: Mwanangu, nina miaka 52. Naona vizuri nikinyoosha mkono tu.
Jibu: Shikamoo mama. Hiyo huanza kwenye miaka 40 hivi, lenzi inakakamaa. Mipangilio ya simu haitamaliza, unahitaji miwani ya kusomea. Tafadhali usichukue ya kujaribia barabarani, kapime. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wana kliniki ya macho. Nenda na simu yako mama, uwaonyeshe unavyoishika unaposoma, wakupimie kwa umbali huo huo.