Jinsi ya kufuatilia nasaba ya walowezi wa mwanzo wa Marekani: tafuta shamba kwanza

Hapa Lexington, Kentucky, Kiswahili utakisikia dukani, kanisani na ndani ya basi. Vijana wetu wameoa na kuolewa na wenyeji, na mtoto akirudi na kazi ya shule ya kuchora ukoo wa pande zote mbili, napigiwa simu. Swali huwa lile lile: "Wakwe zangu wanasema wao ni uzao wa Daniel Boone. Nitajuaje kama ni kweli?"

Kazi yangu ni kutafuta nasaba za familia za Kentucky, na jibu langu halibadiliki. Usianze na Boone, mlowezi mashuhuri wa mwanzo wa Kentucky. Anza na mtu aliye hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na mahali vyeti vinapokatika, tafuta shamba la mhusika. Kentucky ilianza kusajili waliozaliwa na waliofariki katika jimbo zima mwaka 1911, na Missouri mwaka 1910. Mlowezi wa mwaka 1780 hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini alivuka milima ya Appalachia kwa ajili ya ardhi, na ardhi huandikwa: akinunua, akiuza, akishtakiwa, akilipa kodi, akifa na wanawe wakigawana.

Nitautumia ukoo wa Boone kama mfano kwa sababu umechambuliwa sana, na mitego yake utaikuta kwa familia yoyote ya enzi ile.

Hatua ya 1: Panga vizazi na ukitafutie kila kiungo ushahidi

Kaa na wazee wa familia. Andika majina, miaka, mahali, na makaburi wanayoyajua. Kisha chora mstari mmoja tu unaoufuatilia. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 yuko vizazi vinane au tisa kutoka kwa Daniel Boone, aliyezaliwa mwaka 1734. Maana yake una viungo vinane hivi vya kuthibitisha, na kila kimoja kinahitaji karatasi inayosema, au inayoonyesha wazi, kwamba huyu ni mtoto wa yule. Saba vikiwa imara na kimoja kikawa cha kubahatisha, hujafika kwa Boone.

Hatua ya 2: Panda na sensa mpaka mwaka 1850

Sensa ya serikali kuu imefanywa kila miaka kumi tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya mwaka 1950 ilifunguliwa 2022, kwa hiyo anzia hapo. Tovuti ya FamilySearch inakupa nakala bila malipo ukishajiandikisha. Tovuti za kulipia mara nyingi utazitumia bure ukiwa ndani ya maktaba ya umma.

Ukirudi nyuma, taarifa zinapungua. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1850 na 1860 zinataja kila mtu huru kwa jina, ila hazisemi nani mtoto wa nani, na wengi hukosea hapa kwa kudhani kila mtoto ndani ya nyumba ni wa mwenye nyumba. Kabla ya 1850 jina ni la mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki wamehesabiwa tu kwa umri na jinsia. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa mwaka 1921 mjini Washington. Kwa Kentucky, sensa za 1790 na 1800 hazipo kabisa.

Hatua ya 3: Jua kaunti ilikuwa ipi wakati ule

Karatasi hubaki katika kaunti iliyoziandika. Kaunti ikigawanywa, madaftari ya zamani hukaa kwa kaunti mama. Daniel Boone alizaliwa mahali panapoitwa leo Kaunti ya Berks, Pennsylvania, lakini Berks iliundwa mwaka 1752. Ukitafuta karatasi za baba yake za mwaka 1734, nenda kwenye madaftari ya Philadelphia. Wazazi wake wamezikwa Mocksville, North Carolina, iliyo sasa katika Kaunti ya Davie. Davie imezaliwa 1836, na wakati wao pale palikuwa Rowan, ambayo makao yake makuu ni Salisbury. Boonesborough, ngome ya Boone huku Kentucky, nayo ilikuwa Kaunti ya Kentucky ndani ya Virginia, ikawa Lincoln mwaka 1780, kisha Madison. Kentucky yenyewe imekuwa jimbo mwaka 1792, kwa hiyo karatasi nyingi za mwanzo ziko Richmond, Virginia.

Maktaba ya Newberry ya Chicago imeweka mtandaoni ramani za mipaka ya kaunti zote kwa tarehe, bila malipo. Kabla ya kutafuta jina lolote, andika pembeni ya kila kizazi: kaunti ya leo, kaunti ya wakati ule, na mahali madaftari yalipo.

Hatua ya 4: Fuata ardhi

Hapa tukae, maana ndipo penye majibu.

Kwanza ujue uko katika jimbo la aina gani. Makoloni 13 ya awali, pamoja na Kentucky, Tennessee, Vermont, Maine, West Virginia na Texas, yaligawa ardhi yenyewe. Karatasi ziko kwa jimbo. Majimbo kama Ohio, Indiana, Illinois na Missouri, ardhi iligawiwa na serikali kuu, na hati zake ziko kwenye tovuti ya kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi ya zamani, inayoendeshwa leo na idara ya kusimamia ardhi ya umma. Kama babu wa familia unayoifuatilia alipata shamba kwa Sheria ya Homestead ya mwaka 1862, ile iliyotoa ekari 160 kwa aliyekaa na kulima miaka mitano, usiridhike na hati. Omba jalada lote kutoka Nyaraka za Taifa, maana ndani yake mna ushahidi wa majirani kuhusu nyumba, mazao na familia.

Kwa Kentucky, anza na vyeti vya 1779 na 1780. Mwaka 1775 kampuni ya Richard Henderson ilidai kununua eneo hili kutoka kwa Wacherokee, wakati Washawnee nao walilihesabu kuwa lao la kuwinda na hawakuhusishwa. Virginia ikaubatilisha ununuzi huo. Kisha kwa sheria ya mwaka 1779 ikatuma makamishna kusikiliza madai ya kila mlowezi. Aliyekaa kabla ya Januari 1, 1778, au aliyekuwa amepanda mahindi, alipewa haki ya ekari 400, pamoja na haki ya kununua nyingine 1,000 zinazopakana. Cheti hicho kinakuthibitishia mtu alikuwa wapi na mwaka gani, na pengine kinasema anadai kwa niaba ya ndugu aliyekufa. Ofisi ya Ardhi ya Kentucky, mjini Frankfort, imeweka picha za hati hizi mtandaoni.

Sasa chukua karatasi ya upimaji na uisome polepole. Itaanza kwenye mti, tuseme mwaloni mweupe kando ya kijito, iende nyuzi kadhaa kuelekea kaskazini kwa "pole" kadhaa (pole moja ni futi 16.5, kama mita 5), ifike kwenye kona ya shamba la jirani aliyetajwa kwa jina, izunguke mpaka irudi palepale. Chini utaona majina ya wabeba mnyororo wa kupimia wawili na mweka alama za miti. Msomaji mwenye haraka huyaruka majina hayo. Usiyaruke. Kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na watoto wa kiume, shemeji na majirani. Daniel Boone mwenyewe alikuwa naibu mpima ardhi katika Kaunti ya Fayette miaka ya 1780. Ukikusanya karatasi kumi za kijito kimoja na kuzipanga kwenye ramani, unaona familia ilikaa karibu na nani, na binti zao waliolewa upande gani.

Hati za mauziano zina mambo mawili ya thamani. Mume akiuza shamba, mke alihojiwa peke yake na mahakimu kama anaachia kwa hiari haki yake ya ujane, yaani sehemu ya shamba ambayo angebaki nayo mume akifa. Hapo ndipo utakapolipata jina la mwanamke ambaye hakuna karatasi nyingine inayomtaja. La pili ni bei. Shamba likihamishwa kwa dola moja "na upendo", karibu kila mara ni mzazi kwa mtoto au kwa mkwe. Na wengi wakiuza kwa pamoja hisa ndogo ndogo za shamba moja, hao ni warithi. Hati moja ya namna hiyo hukupa ndugu wote na waume wa mabinti.

Tangu mwaka 2024 FamilySearch ina kifaa kinachosoma mwandiko wa zamani na kukuwezesha kutafuta neno lolote ndani ya madaftari ya ardhi na mirathi. Kimebadilisha kazi hii. Tafuta jina la jirani, la kijito, la shahidi, halafu fungua picha yenyewe uisome kwa macho yako, maana mashine hukosea majina.

Hatua ya 5: Daftari za kodi

Palipopotea sensa, kodi ndiyo badala yake, na ni bora kwa kuwa ilitozwa kila mwaka. Kijana akionekana ghafla chini ya jina la mtu mwenye jina hilo hilo, huenda ametimiza miaka 21. Mzee akitoweka na mjane akaandikwa kwenye ekari zile zile za kijito kile kile, tafuta mirathi ya mwaka huo.

Hatua ya 6: Mirathi, pensheni na Biblia

Wosia husaidia, lakini mgawanyo wa mirathi unasaidia zaidi, kwa sababu wosia unaweza kumruka mtoto aliyekwishapewa shamba lake. Kwa waliopigana vita vya uhuru, tafuta majalada ya pensheni. Sheria ya mwaka 1832 iliwataka wazee wasimame mahakamani waeleze walizaliwa wapi, walihamia wapi na mwaka gani. Wajane walitakiwa kuthibitisha ndoa, na baadhi walichana kurasa za Biblia ya familia wakazituma. Ziko ndani ya majalada mpaka leo. Ukiipata Biblia nzima, tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa. Ikiwa imechapwa mwaka 1850 na ina vizazi vya 1790, mambo hayo yameandikwa kwa kukumbuka.

Kwa ukoo wa Boone kuna hazina nyingine. Lyman Draper alizunguka akiwahoji walowezi na watoto wao, na mwaka 1851 alimhoji Nathan, kitindamimba wa Daniel, pamoja na mkewe Olive. Makaratasi yake, karibu majuzuu 500, yako Madison katika chama cha historia cha Wisconsin. Familia nyingi za Kentucky zimetajwa humo.

Hatua ya 7: Majina yanayojirudia na tarehe za zamani

Baba yake Daniel aliitwa Squire Boone. Ndugu yake Daniel pia Squire Boone. Israel ni ndugu yake, na Israel ni mwanawe aliyeuawa katika mapigano ya Blue Licks, Agosti 1782. Watenganishe kwa mke, kwa shamba na kwa majirani. Na wakati ule "mkubwa" na "mdogo" baada ya jina havikumaanisha lazima baba na mwana. Wajomba na wapwa walitofautishwa hivyo hivyo. Jina la kati ni dalili nzuri: mwana mmoja wa Daniel aliitwa Daniel Morgan, na Morgan ndilo jina la ukoo la Sarah, mama yake Daniel.

Wazazi wa Daniel walikuwa Wakweka, imani ile ile ya Friends wa magharibi mwa Kenya, na vikao vyao viliandika ndoa, vizazi na nidhamu kwa uangalifu mkubwa. Wao waliita miezi kwa namba. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo mwezi wa kwanza ni Machi na wa nane ni Oktoba. Kalenda ilipobadilishwa tarehe zikasogezwa mbele siku 11, ndiyo sababu utaona Daniel alizaliwa Oktoba 22 au Novemba 2, 1734. Zote ni sahihi. Nakili kama ilivyoandikwa, usiigeuze.

Hatua ya 8: Waandike na waliofanywa watumwa

Daniel Boone alimiliki watumwa Kentucky, kama walowezi wengi wenzake. Wamo katika orodha za mali, wosia na hati za mauzo, mara nyingi kwa jina moja tu. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika bila majina, chini ya jina la mmiliki, kwa umri na jinsia. Uzao wao unasimama kwa majina kamili mwaka 1870, na kutoka hapo kurudi nyuma njia kuu ni karatasi za familia iliyowamiliki. Kwa hiyo kila ukikutana na jina kama hilo, linakili pamoja na tarehe na ukurasa. Monk Estill, aliyetengeneza baruti za ngome za mwanzo na kupata uhuru wake baada ya mapigano ya mwaka 1782, naye ni mlowezi wa mwanzo wa Kentucky.

Hatua ya 9: Pima miti ya mtandaoni, kisha DNA

Mti uliochorwa na mtu mwingine ni dokezo tu. Boone alikuwa na watoto kumi, na kipimo cha kwanza ni rahisi: James, mtoto wa kwanza, aliuawa mwaka 1773 akiwa na miaka 16, na William alikufa mchanga. Mti unaopitia kwa mmoja wao hauwezi kuwa kweli. Kipimo cha pili: Daniel alikuwa na kaka kadhaa, na wengi wenye jina la Boone, Boon au Bone ni wa uzao wao au hawahusiani kabisa. Maombi ya zamani ya Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama cha wanawake wa uzao wa waliopigania uhuru, kilichoanzishwa 1890, yalipokewa kwa ushahidi hafifu kuliko ya leo, kwa hiyo tazama ombi lina tarehe gani.

DNA ya kawaida haifiki vizazi vinane kwa uhakika. Mtu anaweza kuwa kitukuu wa mbali kabisa wa mlowezi na asiwe na kipande chochote kutoka kwake. Ya kromosomu Y inafika, lakini ni kwa mstari wa wanaume watupu, na inaonyesha ukoo bila kusema ni ndugu yupi.

Ukimaliza, andika nusu ukurasa kwa kila kiungo: karatasi ipi, daftari na ukurasa gani, inasema nini, na kama kuna karatasi inayopinga, kwa nini umeamini hii na si ile. Kiungo kisichotosha kiandikwe kuwa hakijathibitishwa. Nakala moja wape wakwe, nyingine ipeleke maktaba ya kaunti walikoishi, kwenye chumba cha historia.