Namna ya kusoma takwimu za uchumi na idadi ya watu: tuichukue Tanzania kama mfano

"Uchumi umekua kwa asilimia 5.1." Sentensi ya namna hii ikisomwa kwenye taarifa ya habari, huzaa makundi mawili kijiweni: wanaopiga makofi, na wanaouliza mbona mfukoni hakuna kitu. Wote wameruka swali lililopaswa kutangulia: asilimia 5.1 ya nini, kulinganisha na nini, na iligawanywa kwa watu wangapi?

Kazi yangu ya kila siku ni kuchambua takwimu kwa ajili ya watu wanaoandika ripoti na maandiko ya miradi. Makosa ninayokutana nayo ni yaleyale, na mengi yanatokana na mtu kuishika namba ya juu na kuisahau iliyo chini yake, ile iliyogawanya. Fuata hatua hizi ukiwa na simu yenye kikokotoo na tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ikiwa wazi.

Hatua ya 1: Uliza namba imepatikanaje

Sensa humhesabu kila mtu, na kwetu hufanyika takribani kila baada ya miaka kumi. Utafiti wa kaya huhoji sampuli tu, kisha matokeo hukuzwa yawakilishe nchi nzima. Kuna rekodi za kiutawala, kama za forodha, usajili wa vizazi na vifo au mapato ya kodi. Halafu kuna makadirio, ambayo hayajahesabiwa na mtu yeyote. Yamepigiwa hesabu kutoka kwenye sensa iliyopita.

Kwa hiyo ukiona "idadi ya watu Tanzania mwaka huu", jua hayo ni makadirio. Hakuna karani aliyepita nyumbani kwako tangu Agosti 2022. Si kosa kuyatumia, ila yaandike kama makadirio, na taja ni ya nani, maana makadirio ya NBS na yale ya Umoja wa Mataifa huachana.

Hatua ya 2: Anza na watu, si na fedha

Watu wengi hukimbilia Pato la Taifa. Mimi naanza na sensa, kwa sababu karibu kila kipimo kinachofuata kitagawanywa kwa idadi ya watu. Hiyo ikiwa mbovu, kila kitu juu yake kitakuwa kibovu.

Sensa ya Agosti 2012 ilipata watu 44,928,923. Ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilipata 61,741,120. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 1.374, yaani ongezeko la asilimia 37.4 ndani ya miaka kumi.

Hapa ndipo mtego ulipo. Mtu anachukua 37.4, anagawanya kwa 10, anaandika kuwa watu wanaongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Sivyo. Watoto wa mwaka wa kwanza wanaingia kwenye msingi wa mwaka wa pili, kama deni lenye riba juu ya riba. Unatakiwa kutafuta kipeuo cha kumi cha 1.374. Kwenye simu nyingi, ukiilaza simu upande, kikokotoo hufunguka na vitufe zaidi. Andika 1.374, bonyeza kitufe cha kipeo (kile chenye x na y ndogo juu yake), kisha 0.1. Utapata 1.032. Toa 1, zidisha kwa 100: asilimia 3.2. Ndiyo iliyotangazwa.

Kutoka hapo kuna njia ya mkato inayofaa kukaa kichwani: gawanya 70 kwa kiwango cha ukuaji, unapata miaka ya kitu kuongezeka maradufu. 70 kwa 3.2 ni miaka 22 hivi. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka 2022, akifika umri wa kumaliza chuo, nchi itakuwa na watu mara mbili, kasi ikibaki ileile. Haitabaki ileile moja kwa moja, kwani uzazi unapungua: utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulipata wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, kutoka 5.2 katika ule wa 2015/16. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15, na hao bado hawajaanza kuzaa. Idadi itapanda kwa muda mrefu hata kama kila familia itapunguza.

Sasa shuka mikoani, maana wastani wa taifa huficha mengi. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Piga hesabu ileile: asilimia 2.1 kwa mwaka. Yaani jiji ambalo kila mtu anadai linafurika lilikua taratibu kuliko wastani wa nchi! Kuna aliyewahi kuniletea rasimu iliyohitimisha kwamba watu wameanza kuihama Dar kurudi vijijini. Nilimwambia afungue jedwali la Pwani kwanza. Mkoa huo ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Jiji halikupungukiwa watu; lilivuka mpaka wake. Anayejenga Kibaha, Mkuranga au upande wa Bagamoyo na kupanda daladala kila alfajiri kwenda kazini Kariakoo anahesabiwa Pwani, kwa sababu sensa humhesabu mtu alipolala. Mpaka wa kiutawala na mpaka wa mji ni vitu viwili, na ukisoma safu moja ya jedwali bila kumtazama jirani, utaandika kinyume cha kilichotokea.

Hatua ya 3: Kwenye Pato la Taifa, tafuta neno "bei"

Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zilizozalishwa ndani ya nchi katika kipindi fulani. Hutolewa kwa namna mbili: kwa bei za mwaka husika, na kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa ambao bei zake hutumika kupimia miaka yote; kwa Tanzania ni 2015.

Tuseme nchi inazalisha mpunga tu. Mwaka wa kwanza magunia 100, kila gunia shilingi 200,000: jumla milioni 20. Mwaka wa pili magunia 102, kila gunia shilingi 220,000: jumla milioni 22.44. Kwa bei za mwaka husika uchumi "umekua" kwa asilimia 12.2. Kwa bei za mwaka wa kwanza umekua kwa asilimia 2, na hayo magunia mawili ndiyo chakula kilichoongezeka. Asilimia inayotangazwa kama ukuaji wa uchumi ni hii ya pili. Lakini ukitaka kujua deni la taifa au bajeti ni asilimia ngapi ya uchumi, unatumia ile ya kwanza, kwa kuwa deni na bajeti navyo viko kwa bei za leo. Kuchanganya hizo mbili kwenye hesabu moja ni kosa la kila wiki.

Mwaka wa kizio nao hubadilishwa mara kwa mara ili vipimo vishike shughuli mpya. Aprili 2014 Nigeria ilitoka kwenye kizio cha 1990 kwenda 2010, na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa asilimia 89, ukaipita Afrika Kusini kwenye karatasi. Kenya ilifanya hivyo Septemba mwaka huohuo ikaongezeka kwa takribani robo. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Simu za mkononi, filamu na huduma nyingine zilizokuwa zikipimwa kidogo mno zilianza kuhesabiwa inavyostahili. Kwa hiyo usichukue Pato la Taifa kwenye kitabu cha zamani ukalilinganisha na la ripoti ya mwaka huu. Pakua mfululizo mmoja, uliopangwa upya kwa kizio kimoja.

Hatua ya 4: Gawanya kwa watu

Turudi kwenye asilimia 5.1 ya mwaka 2023. Ikiwa watu wanaongezeka kwa 3.2, basi kwa kila mtu uchumi umekua kwa asilimia 1.8 hivi. Tumia njia yetu ya mkato: kwa 5.1 uchumi wote unaongezeka maradufu kwa takribani miaka 14, ila sehemu ya kila mtu inahitaji karibu miaka 38. Hapo ndipo yule aliyeuliza "mbona mfukoni hakuna kitu" anaanza kupata jibu.

Anaanza tu, kwa sababu huo nao ni wastani. Hakuna anayelipwa pato la wastani la kila mtu. Panga watu wote kwa mstari kutoka maskini hadi tajiri: yule wa katikati kabisa yuko chini ya wastani, kwa kuwa wachache wa mwisho wa mstari wanauvuta juu.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Kigezo kilikuwa dola 1,036 kwa mtu, Tanzania ilikuwa na 1,080 kwa mwaka 2019. Angalia pengo: dola 44. Kipimo chenyewe (kwa Kiingereza GNI) pia si Pato la Taifa (GDP) lile tuliloliona hatua ya 3. Wanaongeza mapato ambayo wakazi wanayapata kutoka nje, wanatoa yale yanayokwenda nje, kama faida ya mwekezaji wa kigeni kwenye mgodi. Ukichukua namba moja kutoka kundi hili na nyingine kutoka kundi lile, tofauti utakayoiona haitakuwa na maana yoyote.

Hatua ya 5: Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazijashuka

Hili nalieleza kila mara na bado linachanganya. Wastani wa mfumuko ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Kapu lililouzwa shilingi 10,000 mwaka 2022 lilifika 10,380 mwaka 2023, kisha 10,702 mwaka 2024. Kilichopungua ni kasi ya kupanda.

Na kapu hilo ni la mlaji wa wastani. Chakula kina uzito wa kidogo zaidi ya robo ya kapu. Mama lishe, au kaya inayotumia zaidi ya nusu ya kipato kwa unga, maharage na mafuta ya kula, ina mfumuko wake ambao NBS haikuutangaza. Kwenye taarifa ya kila mwezi, pita mstari wa kwanza ushuke hadi kwenye jedwali la makundi, utazame chakula peke yake, nishati peke yake.

Hatua ya 6: Soma tafsiri ya kipimo kabla ya namba

Fupi, ila usiiruke. Utafiti wa nguvukazi wa 2020/21 uliweka ukosefu wa ajira kwenye asilimia 9.0. Kwenye hifadhidata za kimataifa utakuta Tanzania ina chini ya 4. Hakuna aliyedanganya. Tafsiri ya kimataifa inamhesabu kuwa na ajira mtu aliyefanya kazi hata saa moja kwenye wiki ya utafiti, na kukosa ajira ni lazima uwe unaitafuta. Tafsiri ya kitaifa inawaingiza pia walio tayari kufanya kazi lakini wameacha kutafuta, pamoja na wenye vibarua visivyo na uhakika. Kijana anayebeba mizigo stendi siku mbili kwa wiki anabadilika kundi kutegemea umeshika ripoti gani.

Hatua ya 7: Asilimia na vichwa, vyote viwili

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya watu wakiwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18, mstari ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ulikuta asilimia 26.4. Kwanza, hiyo ni kushuka kwa pointi 1.8. Usiandike "umaskini umepungua kwa asilimia 1.8", kwa sababu 1.8 ukigawanya kwa 28.2 ni asilimia 6.4.

Pili, rudisha watu. Asilimia 28.2 ya watu milioni 43.6 waliohesabiwa Tanzania Bara mwaka 2012 ni milioni 12.3. Asilimia 26.4 ya idadi ya Bara iliyokadiriwa mwaka 2018 inakaribia milioni 14. Uwiano ulipungua, maskini wakaongezeka. Anayeitetea serikali atachukua sentensi ya kwanza, anayeikosoa atachukua ya pili, na kila mmoja ana namba sahihi mkononi. Ukiandika ripoti, ziweke zote mbili kwenye aya moja.

Na kabla hujaichapisha hiyo 26.4, angalia jalada la ripoti: ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Ofisi yake ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali na utafiti wake wa bajeti ya kaya, uliopata asilimia 25.7 mwaka 2019/20, kwa mstari wake wa umaskini. Usizijumlishe hizo mbili ugawanye kwa mbili. Bara ina watu karibu milioni 60, Zanzibar haifiki milioni 2.