Nyama imemkwama mtu kooni? Acha hayo maji

Juzi pale Deep Sea, Tanga, jamaa anakula pweza huku anacheka, ghafla kimya, mikono shingoni, wenzake wote wanakimbilia maji. Mi nesi, na hayo maji ndo kitu cha kwanza ninachomnyang'anya mtu, sababu njia imeziba, yatapita wapi?

Hatua ya 1, msikilize. Akikohoa kwa nguvu au akiweza kukujibu, huyo kapaliwa tu, muache, mwambie "kohoa, kohoa", usimpige mgongo. Ukimya ndo wa kuogopa: hatoi sauti, kikohozi hakitoki, midomo inabadilika rangi. Hapo mmoja apige 112 na atafute bajaji ya kwenda hospitali ya Bombo, wewe anza.

Hatua ya 2. Muinamishe mbele, mkono mmoja umshike kifua, mwingine mpige katikati ya mabega kwa ile sehemu ngumu ya kiganja karibu na kifundo, mara 5, kwa nguvu kweli, sio zile za kumpongeza bwana harusi, na kila pigo uangalie kama kimetoka.

3. Bado? Simama nyuma yake, mguu wako mmoja katikati ya miguu yake ili akilegea asikuangushe, kunja ngumi uiweke juu ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa ghafla, mara 5. Rudi mgongoni 5, tumboni 5, hivohivo. Mjamzito au mnene sana, tumbo huligusi, unavuta katikati ya kifua.

Mtoto chini ya mwaka 1 tumbo usimminye kabisa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko makalio, taya umelishika, mgongoni 5, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua 5. Na bibi zangu jamani, mambo ya kumning'iniza miguu juu, au kuchokonoa na kidole mbegu ya ubuyu usiyoiona, hapana, unaisukuma ndani zaidi. Ukiiona, itoe.

Akizimia mlaze chali, bonyeza kifua mara 30 (mtu mzima sm 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika), chungulia mdomoni, mpulizie pumzi 2 mdomoni, usiache mpaka msaada ufike.

Yule wa pweza kipande kiliruka kwenye mvuto wa tatu, na akataka kuendelea kula! Nikamwambia panda bajaji, ukivutwa tumbo hivo unaweza kuumia ndani usijue.