Jinsi ya kuisoma manowari: mfano wa destroya za Daring

Meli ya kivita inapoingia katika mlango wa bandari ya Dar es Salaam, abiria wa pantoni ya Magogoni husogea upande mmoja kuitazama, na swali linaloulizwa karibu kila mara ni hili: ina makombora mangapi? Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Kwa muda mrefu nimekuwa nikizungumza na vijana wa mtaani kwetu Kigamboni wanaopenda habari za bahari, na nimeona kwamba anayeanza na idadi ya makombora huishia kukariri tarakimu asizoweza kuzitumia. Njia ninayoieleza hapa ni nyingine, na mfano wake ni destroya (manowari za mwendo kasi zinazolinda meli nyingine) sita za Uingereza za Aina ya 45, ziitwazo pia jamii ya Daring kwa jina la meli ya kwanza. Nimezichagua kwa sababu udhaifu wake mkubwa ulijitokeza katika bahari ya joto, na bahari ya joto ndiyo hii yetu.

Anza kwa kuuliza ni jeraha gani lililoifanya meli ibuniwe. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea visiwa vya Falkland, destroya ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina na kusafiri mita chache tu juu ya maji. Watu 20 walikufa, na meli ikazama siku sita baadaye ilipokuwa ikivutwa. Sheffield ilikuwa ya Aina ya 42, iliyobuniwa hasa kupambana na ndege zinazoruka juu, si kitu kinachokuja kikiambaa na mawimbi. Ukilifahamu hilo, sehemu kubwa ya umbo la Daring inajieleza yenyewe. Uingereza ilijaribu kwanza kubuni manowari ya pamoja na Ufaransa na Italia, ikajitoa mwaka 1999, ikabaki katika mradi wa Aster, makombora ya ulinzi wa anga, na kujenga meli zake yenyewe. HMS Daring iliteremshwa majini Glasgow mwezi Februari 2006 na kuingizwa rasmi katika utumishi wa jeshi la majini Julai 2009. Zilikuwa zimepangwa meli 12, zikapunguzwa hadi 8, na mwisho zikajengwa 6.

Kisha inua macho uangalie mlingoti. Daring ina mlingoti mrefu wa mbele wenye kichwa cha mviringo mithili ya mpira, na ndani yake inazunguka rada iitwayo SAMPSON. Watu wengi hudhani urefu huo ni wa mapambo au wa kutisha, kumbe ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Dunia ni duara, kwa hiyo rada haioni kitu kilichojificha nyuma ya upeo wa bahari. Chukua kimo cha rada kwa mita na utafute kipeuo chake cha pili, fanya hivyo hivyo kwa kimo cha kombora linalokuja, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12, jibu ni umbali wa kuonana, kwa kilometa. Rada iliyo mita 15 juu ya maji italiona kombora linaloruka mita 5 likiwa kilometa 25 hivi. Ipandishe rada hadi mita 30, nalo litaonekana likiwa karibu kilometa 32. Kwa kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde, tofauti hiyo ni zaidi ya sekunde 20, na katika sekunde hizo ndipo meli huamua, hurusha, na pengine hurusha tena.

Makombora sasa yanaweza kuhesabiwa, na hapa hapahitaji maneno mengi. Daring ilijengwa ikiwa na vyumba 48 vya kurushia wima, vyenye Aster 15, linalofika zaidi ya kilometa 30, na Aster 30, linalofika zaidi ya kilometa 100. Destroya za Marekani za Arleigh Burke za toleo la IIA zina vyumba 96. Usikimbilie kusema kwamba moja ni nusu ya nyingine, kwa maana Wamarekani huchanganya humo makombora ya kupiga nchi kavu na silaha za kupambana na nyambizi, ilhali vyumba vya Daring vilitengwa kwa ulinzi wa anga peke yake.

Hatua inayopuuzwa zaidi, na ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi yote, ni kufuatilia umeme. Katika meli nyingi injini huzungusha rafadha kupitia giaboksi. Katika Daring injini hufua umeme kwanza, na umeme huo huo ndio unaoendesha mota mbili za rafadha, rada, kompyuta, jiko na viyoyozi. Wafuaji wakuu ni tabaini mbili za gesi za Rolls-Royce aina ya WR-21, zikisaidiwa na jenereta mbili za dizeli. Tabaini hizo zilisifiwa kwa kubana mafuta, kwa kuwa zina kifaa cha kupoza hewa katikati ya mgandamizo na kingine kinachorudisha joto la moshi kabla halijapotea katika dohani. Tatizo lilikuja meli zilipofika katika maji na hewa ya joto kama ya Ghuba ya Uajemi: mfumo wa kupoza ulishindwa kuhimili, tabaini ikazima, na jenereta za dizeli zikaachiwa mzigo zisiouweza. Meli nzima ikabaki gizani, bila mwendo wala rada.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani anajua jenereta ya duka inavyozimika mtu anapowasha friji na kiyoyozi kwa pamoja. Basi unaposoma maelezo ya manowari yoyote, andika pembeni ya kila tarakimu ya nguvu swali hili: ilipimwa katika maji ya nyuzi ngapi? Bahari yetu hapa hucheza kati ya nyuzi 25 na 30, wakati maji ya Portsmouth, nyumbani kwa meli hizi, hushuka chini ya 10 wakati wa baridi.

Mwisho, angalia tarehe ya maelezo unayoyasoma. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuondoa zile jenereta mbili za dizeli na kuweka tatu zenye nguvu zaidi, na HMS Dauntless, ya kwanza kufanyiwa kazi hiyo, ilirudi baharini kwa majaribio mwaka 2022. Makala ya mwaka 2016 na ya mwaka 2024 zinaweza kutaja meli ile ile zikawa zinazungumzia mitambo tofauti. Vivyo hivyo, hadi Desemba 2023 uwezo wa jamii hii dhidi ya shambulio la kweli kutoka angani ulikuwa wa kwenye majaribio tu. Mwezi huo HMS Diamond iliitungua droni katika Bahari ya Shamu, na Aprili 2024 ikalitungua kombora la balistiki (linalorushwa juu sana kisha kuishukia shabaha), katika kipindi ambacho meli nyingi za mizigo zilikuwa zikiikwepa njia hiyo na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.